Barua kwa mjomba wangu wa stesheni ya Moshi

Shikamoo mjomba. Simu janja huitaki, najua, kwahiyo wajukuu watakusomea, na wakianza kuruka mistari waambie warudie.

Jumamosi ya wiki ijayo tunakuja kukufanyia kashughuli pale karibu na stesheni, na kabla hujakataa ngoja niseme kwanini. Ulistaafu reli zamani, treni ya abiria nayo ikaja ikafa, majani yakameza njia mpaka watu wakawa wanachungia mbuzi katikati ya reli, na bado asubuhi unaondoka na fyekeo lako kwenda kusafisha mataruma, hakuna aliyekutuma, hakuna mshahara, hata hela ya maji ya kunywa hakuna. Ukoo ukasema mzee kachanganyikiwa. Wale vijana wa chuma chakavu ndo walikuheshimu kidogo, maana ukiwakuta na bolti za wizi ulikuwa unawashushia matusi ya Kipare yasiyoandikika hapa.

Halafu watoto wa shule. Wakipita tu unawakalisha kivulini unaanza, Wajerumani walianza kujenga Tanga 1893 na Moshi wakafika 1911, miaka 18 mjomba, kwa safari ambayo basi siku hizi linamaliza mchana mmoja! Arusha ikasubiri mpaka 1929, enzi za Mwingereza, na hapo ulikuwa lazima ucheke (watu wa Arusha wanaosoma hii mnisamehe). Unawaeleza njia ni moja, kwahiyo treni haitoki stesheni mpaka stesheni ya mbele itoe laini klia, yaani ruhusa kwamba njia iko wazi, la sivyo zinakutana uso kwa uso.

Ukifika kwenye Garratt, yale mainjini makubwa ya mvuke, sasa ndo hutulii. Zile 34 zilizojengwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, boila moja kubwa katikati, mbele seti ya magurudumu na nyuma seti nyingine, ndo maana dude la tani 252 lilikuwa linakunja kona kama tandu. Zilipewa majina ya milima, na ile namba 5930 inaitwa Mount Shengena, mlima wenu Wapare, iko makumbusho ya reli Nairobi. Kazi yake ilikuwa Mombasa na Nairobi, huku kwetu wala haikuwa kwao, ila wewe unaiongelea kama ng'ombe wa familia aliyechukuliwa na majirani baada ya Jumuiya kuvunjika 1977.

Huko Wales kuna reli inaitwa Talyllyn, ndogo tu, haifiki kilomita 12, na tangu 1951 wanaojitolea ndo wanaiendesha, wanakata tiketi, wanapalilia njia, wanaendesha mpaka injini za moshi. Kule mtu kama wewe ana chama, ana wenzake wa kunywa nao chai baada ya kufyeka. Wewe ulikuwa peke yako na redio ya mkulima.

Treni ya abiria iliporudi Desemba 2019 watu walijaa kupiga selfi, na sikusikia hata mmoja anauliza nani alikuwa anafyeka. Tusidanganyane, njia waliitengeneza mafundi wa TRC, fyekeo lako halikufufua reli. Ila miaka yote ile watu wazima wanaiona njia ya mkato ya kwenda sokoni, watoto wa mtaa wetu walikuwa wanajua ile ni reli, inatoka wapi na inaenda wapi, na walijua kwako. Mmoja wao sasa hivi anasomea ufundi wa injini, atakuwepo.

Basi makande yatapikwa, soda zipo, mwanasiasa hatujaalika. Suti acha nyumbani, vaa ile kofia ya kazini na uje na kandili. Tutakurekodi unaelezea laini klia mwanzo mpaka mwisho, na safari hii mjomba tafadhali mtu akitaja Simba na Yanga usimjibu mpaka umalize.