Barua ya wazi: Mheshimiwa Waziri, yakaguliwe majani kabla ya kumwaga dawa ziwani

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya maji,

Yah: Mpango wa kunyunyizia mayungiyungi dawa ya wadudu

Tunakuomba uzuie kibali cha kunyunyizia dawa mpaka majani yenyewe yakaguliwe. Jani la kahawia juu ya maji linaweza kuwa na sababu tatu au nne, na dawa hiyo inalenga moja tu.

Jani la yungiyungi halidumu. Hata lisipoguswa na mdudu huzeeka, hugeuka manjano huku mmea ukivuta virutubisho kuvirudisha kwenye tunguu, yaani shina nene lililolala topeni, kisha huzama. Huo si ugonjwa. Kuvu huacha madoa ya mviringo yanayokauka na kutoboka. Buu wa nondo wa majini hukata vipande vya umbo la yai ili ajifunike navyo. Vidukari hujazana pale majani yaliposongamana. Hao huangushwa kwa mpira wa maji, samaki wakamalizia.

Anayestahili hofu ni mbawakawa aitwaye kitaalamu Galerucella nymphaeae. Ana urefu wa milimita 6 hivi na hutaga mayai kwa mafungu juu ya jani. Mabuu yake meusi huchimba mifereji iliyopindapinda, yakila tabaka la juu na kuacha utando wa chini. Hapo ndipo uozo unapoanzia: nta inayofukuza maji imekwanguliwa, maji yanaingia kwenye vyumba vya hewa, bakteria na kuvu vinafuata, jani linazama kabla ya wakati wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1985, kuhusu yungiyungi la maua ya njano, ulikuta majani yaliyoshambuliwa yakidumu siku 17 hivi, ilhali penye mbawakawa wachache yalipita siku 45.

Kwa nini basi tusinyunyizie? Kwa sababu dawa za jamii ya pairethroidi, yaani dawa za wadudu zinazotengenezwa viwandani, ni sumu kali kwa samaki na kwa mabuu ya kerengende, hata zikiwa kidogo. Majani mapya huchomoza baadaye bila dawa, na mbawakawa waliojificha kwenye nyasi kavu za ukingoni huyarudia. Dawa ya bakteria inayotumika kuua viluwiluwi vya mbu, ambayo tumesikia ikitajwa kama mbadala, haimgusi mbawakawa kabisa.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Itumike fremu ya mita 1 kwa 1, iwekwe sehemu zisizopungua 10, ukingoni na kwenye kina. Kila jani ligeuzwe, liandikwe limeliwa kiasi gani na kwa alama ipi. Majani mapya 30 yafungwe vibandiko vya plastiki kwenye vikonyo, bila kukazwa, yafuatwe kila wiki. Oksijeni ipimwe alfajiri, katikati ya majani na karibu na tope. Kipimo cha saa sita mchana hudanganya, maana mimea na mwani vimekwisha kuiongeza. Chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi hutaabika; chini ya 2 hufa.

Mbawakawa akithibitika, yavunwe majani yenye mayai na mabuu pekee, na kwa wakati mmoja isizidi theluthi ya majani ya eneo. Tunguu limo kwenye tope lisilo na hewa: majani machanga husukuma hewa chini, makuukuu huitoa pamoja na gesi ya methani. Ukiyafyeka yote, unaliziba pumzi. Yaliyovunwa yasirundikwe ukingoni, kwani wadudu hukamilika humo wakaruka kurudi, na mvua hurudisha virutubisho ziwani. Yapelekwe mbali na maji siku hiyohiyo, yafukiwe kwenye mboji.

Tangazo la zabuni ya unyunyiziaji huo linataja lita za dawa bila kumtaja mdudu. Tunaomba lirekebishwe: litaje mdudu aliyethibitishwa, maeneo aliyokutwa, vipimo vya oksijeni vya alfajiri, na jina la ofisa aliyesimamia ukaguzi.

Wako katika utumishi,
Watunzaji wa mimea ya majini