Mbwa, joto na maji ya chumvi njia ya Singida

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wanaosafiri na mbwa kutoka Dodoma kwenda kwenye maziwa ya chumvi ya Singida. Safari hizi zimekuwa nyingi, na mbwa wanaoumia njiani ni wale ambao wangefika salama kwa maandalizi kidogo tu. Umbali haumuui mbwa. Linalomuua ni gari lililosimama juani, na maji anayoyakuta mwisho wa safari.

Barabara ni lami, kilomita kama 240 kupitia Bahi, Kintinku na Manyoni. Kwa sababu ni ya saa tatu au nne tu, watu hunywa chai kwanza, wakaondoka saa nne asubuhi. Hapo ndipo kosa linapoanza, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mbwa ale jioni ya jana yake, asubuhi apewe maji tu, maana tumbo likijaa atatapika kabla hata hamjapanda mlima wa Saranda. Dagaa wa chumvi wabaki nyumbani.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Hupunguza joto kwa kuhema, na hewa anayohema ikiwa ya moto, kuhema hakumsaidii. Nje kukiwa na nyuzi 30, ndani ya gari lililozimwa juani hufika kama 40 kwa dakika kumi, na karibu 50 kwa nusu saa. Kuacha kioo wazi vidole viwili hakubadilishi kitu. Mkisimama Manyoni kula, mmoja wenu abaki nje na mbwa, chini ya mti.

Kwenye pikapu hatari ni nyingine. Bati la nyuma huunguza nyayo, kwa hiyo tandikeni godoro kuukuu au magunia na kuwe na turubai juu. Msimfunge mbwa shingoni: akiruka ukingo gari likiwa kwenye mwendo, atajinyonga. Tumieni mkanda unaozunguka kifua, kamba fupi isiyomruhusu kupitisha kichwa nje.

Maji. Mbwa wa kilo 20 akiwa nyumbani hunywa lita moja na kidogo kwa siku. Safarini kwenye joto hesabuni lita nne, za kunywa na za kumlowanisha. Kwa mbwa wawili dumu moja la lita 20 linatosha siku nzima na akiba inabaki. Likae kivulini, si juu ya keria. Simameni kila baada ya saa mbili na mnyweshe kidogo kidogo, kwa sababu akibugia bakuli zima kwa pupa atatapika, na mbwa wakubwa wenye kifua kirefu tumbo linaweza kuvimba na kujisokota.

Dalili za kuzidiwa: kuhema kwa kelele bila kupumzika, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika. Mpozeni palepale kwanza, daktari afuate. Mtoeni kwenye jua, mwagieni maji tumboni, makwapani, mapajani na kwenye nyayo, kisha mpepeeni kwa nguvu. Msimfunike kanga iliyolowa, inafungia joto ndani. Aliyezimia msimtie maji mdomoni. Mwenye kipimajoto aache kumwagia kikishuka hadi 39.5, maana joto la kawaida la mbwa ni kama 38 hadi 39. Hata akisimama na kutikisa mkia, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo: figo huweza kuharibika na damu kushindwa kuganda siku moja au mbili baadaye.

Sasa maziwa yenyewe, Singidani na Kindai. Mbwa aliyechoka na joto akiona ziwa haulizi, anakimbia kunywa. Maji yale ni ya chumvi: huvuta maji ya mwili kuingia utumboni, mbwa anaharisha, kiu inazidi, anarudi kunywa tena, na akizidisha anaanza kutetemeka na kupata kifafa. Mnyweshe kabla ya kumfungulia mlango, mshike kwa kamba ukingoni, na ukiona utando wa kijani juu ya maji usimkaribishe kabisa. Sumu yake huweza kuua kwa saa chache. Akilowa, msuuzeni kwa maji baridi ya dumu, hasa katikati ya vidole, kabla hajajilamba.

Gari nalo lisishuke kwenye ganda jeupe la ufukweni, chini yake ni tope. Kwenye mchanga mkavu punguzeni upepo wa tairi kutoka 32 hadi kama 20, na mjaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Mkikwama, mbwa watoke kwanza kivulini, ndipo mchukue koleo.

Wanaounganisha kwenda Itigi wafunge vioo porini, ndorobo, nzi wanaouma na kueneza ugonjwa wa malale, hufuata gari linalotembea. Mbwa akipata homa na jicho kuwa jeupe wiki chache baadaye, msimdunge dawa ya ng'ombe kwa kukadiria. Ikizidi kidogo tu huharibu ubongo wa mbwa. Daktari ampime uzito kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ipatikane mwezi mmoja kabla ya safari, si siku ya kuondoka, na kadi iwe garini pamoja na kibali cha daktari wa mifugo.

Na kwa wenye vituo vya mafuta na hoteli za Manyoni na Singida: tunaomba bomba moja la nje na kivuli cha miti miwili. Wateja wenye mbwa tupo, na tutasimama kwenu.

Wafugaji wa mbwa,
Dodoma