Mtindi na antibayotiki, mbona hesabu mmeiruka?

Mhariri, salaam. Ukurasa wenu wa afya umesema ukimaliza antibayotiki we kunywa mtindi tu, bakteria wa tumbo wanarudi kama zamani. Hapo mmerahisisha mno, maana kuna watu wamekaa chini wakapiga hesabu ya jambo hilohilo na walichopata sio hicho.

Hesabu yenyewe, ya viumbe wanaoishi pamoja wanavyoongezeka na kupungua, ni ya kitambo, miaka ya 1920, Volterra, mwanahisabati wa Italia, alikuwa anatafuta kwa nini Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopunguza uvuvi bahari ya Adriatic papa na wenzake wanaokula samaki ndo wakazidi kuwa wengi kati ya samaki waliovuliwa. Sasa 2013 watafiti wa New York wakaihamishia kwenye utumbo wa panya: kila kundi la bakteria lina namba ya kasi ya kuzaana, kila kundi na mwenzake wana namba ya kubebana au kubanana, halafu dawa, kwao ilikuwa antibayotiki ya clindamycin, inaingia kama wavu wa mvuvi, wengine inawazoa wengine inawapita. Kumbe dawa ikishaisha si lazima tumbo lirudi lilikotoka, linaweza kutulia kwenye hali nyingine kabisa na humo Clostridium difficile, yule wa kuharisha kubaya, akapata makazi.

Kwa binadamu je? Utafiti wa Marekani uliotoka 2011 uliwapa watu 3 sipro (antibayotiki ya ciprofloxacin) awamu mbili, choo chao kikapimwa miezi 10, bakteria wengi walianza kurudi ndani ya wiki ila hawakurudi wote. Na 2018 kule Israel vidonge vya bakteria wazuri (vidonge jamani, sio mtindi) vilichelewesha kupona kwa utumbo badala ya kuharakisha. Sisemi mtu akatishe dozi ya daktari, nasema msituahidi kitu ambacho hakipo.

Modeli nazo, yaani hesabu za namna hii, zina shida zake, makundi 10 tu unahitaji namba 100 za mahusiano (10 mara 10, kila kundi na lenyewe likiwemo), jumlisha 10 za kuzaana na 10 za dawa, na zote zinakisiwa kutoka kwenye choo cha panya wachache. Halafu matumbo hayafanani, Wahadzabe wetu walipopimwa, matokeo yakatoka 2014, watu wazima hawakukutwa na Bifidobacterium, wale wale wanaosifiwa kwenye makopo ya mtindi. Sasa huyo Mhadzabe akimeza amoksi, "kama zamani" yake mtaipima kwa tumbo la nani?

Msomaji wenu, mwalimu wa hesabu, Singida