Barua kwa mdogo wangu mtunza farasi: nishani za Mfalme wanapewa wanaostahili?

Mdogo wangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale ulipopandwa na hasira. Unasema nishani zinazotolewa Uingereza kwa wapanda farasi ni za matajiri na watu maarufu tu, na kwamba wewe unayeamka gizani kuzoa samadi, kusuka singa na kukagua kwato hutaitwa kwa Mfalme hata siku moja. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wenzako wengi mazizini wanaliuliza hilohilo. Nusu ya maneno yako naikubali. Hiyo nusu nyingine hapana.

Nianze na ninapokupinga. Nick Skelton, mruka vizuizi wa Uingereza, alivunjika shingo mwaka 2000 baada ya kuanguka na farasi, akastaafu, watu wakamuaga kwa buriani. Akarudi. Mwaka 2012 alikuwa kwenye timu iliyotwaa dhahabu ya kuruka vizuizi London, na mwaka 2016 kule Rio, akiwa na miaka 58, akashinda dhahabu yake mwenyewe juu ya mgongo wa Big Star. Alipewa nishani ya OBE mwaka 2012, na mwaka 2017 akapewa CBE, ngazi moja juu yake. Chanda chema huvikwa pete. Ukiniambia huyo kapendelewa, sitakuelewa.

Au chukua mbio za farasi. Wanaume wawili tu walioishi kwa kupanda farasi wa mbio ndio waliopewa cheo cha Sir, kilicho juu ya CBE: Gordon Richards mwaka 1953, na Tony McCoy mwaka 2016. Richards alikuwa bingwa wa mwaka mara 26. McCoy mara 20 mfululizo, akiwa na ushindi zaidi ya 4,300, na mwili ulioungwaungwa kila mahali. Kwa hao nishani ilikuja baada ya maisha mazima ya kazi ambayo kila mtu aliiona. Hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Sasa nije upande wako.

Lee Pearson alizaliwa na ulemavu wa viungo unaoifanya misuli ikakamae. Mwaka 1980, akiwa mtoto wa miaka sita, alikwenda Downing Street, kwa waziri mkuu, kupokea tuzo ya watoto jasiri, na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo, akambeba kwenye ngazi. Mtoto huyo akawa mpanda farasi wa dresaji, ule mchezo wa farasi kutembea kwa madaha na kubadili hatua kwa ishara ambazo mtazamaji hazioni. Sydney 2000 akachukua dhahabu tatu za Paralimpiki. Athens 2004, tatu. Beijing 2008, tatu tena. Jumla tisa.

Kwenye orodha ya nishani ya mwaka mpya wa 2009 akapewa CBE. Kwenye orodha hiyohiyo mwendesha baiskeli Chris Hoy, aliyetoka Beijing na dhahabu tatu na kufikisha nne katika maisha yake ya Olimpiki, akapewa cheo cha Sir. Sina neno baya juu ya Hoy, ni bingwa wa kweli. Lakini weka majina hayo mawili sambamba uyatazame. Mwenye dhahabu nne yuko ngazi ya juu, mwenye tisa yuko ngazi ya chini, na wote wawili dhahabu zao za mwisho wamezipata kwenye Michezo ya Beijing ya mwaka uleule. Pearson alisubiri mpaka mwaka 2017 ndipo akaitwa Sir Lee. Kwa mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ulizonitajia, na wewe hukuitaja. Kilichopimwa pale ni umaarufu. Hoy alionekana sana kwenye televisheni, Pearson alionekana na wachache.

Uliyemtaja wewe kwa ukali ni Zara Phillips, siku hizi Zara Tindall. Mjukuu wa Malkia, mama yake ni Princess Anne, ambaye naye alipanda farasi kwenye Olimpiki ya Montreal 1976, halafu Zara akapewa MBE, ngazi moja chini ya OBE, mwaka 2007. Unasema mcheza kwao hutuzwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwaka 2005 alikuwa bingwa wa Ulaya, mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia kule Aachen na farasi wake Toytown, na kwenye mashindano ya farasi ya siku tatu vizuizi vya porini havijui bibi yako ni nani. MBE kwa bingwa wa dunia si zawadi kubwa kupita kiasi. Ninachokubaliana nawe ni kwamba njia ya kufika pale ilikuwa wazi kwake tangu utotoni, na kwa mtoto wa Brixton, mtaa wa watu wa kawaida London, haipo wazi. Farasi wa kiwango hicho anagharimu fedha ambazo familia ya kawaida haizipati maisha yake yote, na mara nyingi mpandaji si mwenye farasi, bali kuna tajiri nyuma yake. Kwa hiyo hata nishani itolewe kwa haki kamili pale mwisho, inachagua kutoka kwenye kundi ambalo pesa imeshalichuja. Hilo kamati ya nishani haiwezi kulirekebisha peke yake.

Sasa Charlotte Dujardin, bingwa wa dresaji wa Uingereza. Najua hili linakuuma kuliko yote, kwa sababu wewe ndiye unayeshika miguu ya farasi kila siku na unajua inavyotetemeka.

Baada ya dhahabu mbili za London 2012 alipewa OBE, akiwa na miaka 27. Baada ya Rio akapewa CBE. Alivyokuwa akimwongoza farasi wake Valegro, hata sisi tusiojua kitu tulikaa tukitazama. Kisha Julai 2024, siku chache kabla ya Michezo ya Paris kufunguliwa, ikatokea video ya miaka ya nyuma. Yuko kwenye somo la faragha, mwanafunzi amekaa juu ya farasi, naye anamchapa farasi huyo miguuni kwa mjeledi mrefu, zaidi ya mara 20 ndani ya dakika moja. Alijitoa Paris, akaomba radhi, na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi likamfungia mwaka mmoja na kumtoza faini ya faranga 10,000 za Uswisi.

Wewe unataka avuliwe nishani. Mimi sitaki, na nitakuambia sababu. Wenye mchezo walimhukumu, ameitumikia adhabu. Kumvua sasa kungewaridhisha waliompa, waoshe mikono waendelee na utaratibu uleule. Ninachokilalamikia mimi ni utaratibu wenyewe.

Fikiria kisa cha Lester Piggott, mpanda farasi wa mbio. Alishinda mbio kubwa za Derby mara tisa, hakuna mwingine aliyefika hapo. Alipewa OBE mwaka 1975. Mwaka 1987 akafungwa kwa kukwepa kodi, na mwaka uliofuata OBE ikachukuliwa. Alifariki mwaka 2022 bila kurudishiwa. Na hadi leo, jina likipendekezwa, idara za serikali huulizwa kama kuna doa, mamlaka ya kodi ikiwemo. Kodi ina mlinzi wake kwenye mlango wa nishani, na ni sawa. Lakini hakuna hatua inayomtaka mtu aende zizini amwulize mtunza farasi: huyu, kamera zikizimwa, anamfanyia nini mnyama aliyempa medali? Anawalipa vijana wake kwa wakati? Akikasirika, hasira anaimalizia kwa nani? Ninyi mnayajua majibu. Medali inahukumu dakika chache za uwanjani. Nishani inasema jambo juu ya mtu, na mtu huyo mnaishi naye ninyi.

Kuna wanaosema dawa ni kusubiri, asipewe mtu nishani mpaka miaka ipite. Inasaidia, naiunga mkono. Ila haitoshi. Jimmy Savile, yule mtangazaji, aliitwa Sir mwaka 1990 akiwa na miaka 63, baada ya miongo ya umaarufu na kuchangisha fedha za hospitali. Alikufa mwaka 2011, na mwaka uliofuata ndipo yalipomwagika aliyowatendea watoto na wagonjwa kwa miaka mingi. Muda ulikuwepo wa kutosha. Walioumizwa hawakusikilizwa, kwa kuwa upande mmoja alikuwapo mtu anayependwa na taifa zima, na upande wa pili watu wasiojulikana. Haki ya nishani inaanzia hapo, kwenye nani anaulizwa.

Na kuna historia ambayo wanaogawa nishani hizi wangefaa kuikumbuka. Mfalme George V alipoanzisha nishani za MBE, OBE na wenzake mwaka 1917, vita vikiendelea, sehemu kubwa ya kusudi ilikuwa kuwatambua walioitumikia nchi wakiwa nyuma ya mstari wa mapambano, raia wa kawaida, na wanawake walihesabiwa tangu siku ya kwanza. Tafsiri hiyo kwa lugha ya zizi, mdogo wangu, na utaona inamlenga nani.

Tena kwa haki, orodha hizi za kila Januari na kila Juni zina majina zaidi ya elfu moja, na wengi wao si watu maarufu hata kidogo. Magazeti ndiyo yanayomweka David Beckham ukurasa wa mbele, kama Juni 2025 alipopata usir wake, huku mama aliyefundisha kuogelea miaka 40 akiandikwa kwa herufi ndogo ndani. Mama huyo mara nyingi hupata ile medali ya ngazi ya chini, BEM, ambayo waziri mkuu John Major aliifuta mwaka 1993 akiona inabagua watu kwa matabaka, na ikarudishwa mwaka 2012. Mwenye BEM havishwi na Mfalme ikulu, huvishwa na mwakilishi wa Mfalme wa eneo lake. Hapo nakubaliana nawe bila kupunguza neno: kama kazi ni ya kuheshimiwa, mkono unaoivisha usitofautiane. Hilo lingeweza kubadilishwa kesho asubuhi na lisigharimu kitu.

Lakini umeniambia pia kwamba "wao" ndio wanaopeleka majina. Hapana. Tangu mageuzi ya 1993 mtu yeyote anaweza kupendekeza jina. Hata wewe. Na sitaki umpendekeze bingwa, mabingwa wana watu wao wa kuwaandikia. Nataka umpendekeze yule bibi uliyenisimulia, wa kikundi cha kuwapandisha farasi watoto wenye ulemavu, anayetembea ubavuni mwa farasi mvua na jua, mkono mmoja kwenye goti la mtoto asiporomoke. Chama kinachosimamia kazi hiyo kipo Uingereza tangu 1969 na kinasimama kwa watu wa kujitolea kama yeye. Vyama hivyo ndivyo vinavyowatoa akina Lee Pearson wa kesho.

Fomu iko kwenye tovuti ya serikali. Utahitaji angalau barua mbili za watu wengine wanaoijua kazi yake, basi mtafute mzazi wa mtoto mmoja na mtunza farasi mmoja. Usijaze sifa tupu za "mchapakazi" na "mwenye moyo". Andika ni watoto gani wameweza kufanya nini ambacho hawakuweza kabla, kikundi kilikuwaje alipokikuta na kikoje sasa, nani angeifanya kazi hiyo kama asingekuwepo. Mpeleke angali anafanya kazi, kwa sababu wanaangalia hilo, na marehemu hapendekezwi. Majibu huchukua mwaka mmoja au hata mwaka na nusu, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Na yeye mwenyewe usimwambie kitu.

Nitumie rasimu kabla hujaituma, niisome. Kama Kiingereza cha ofisi kitakusumbua tutakaa nacho pamoja kwenye simu jioni, ukishawalisha farasi wako.

Wako,
Kaka yako