Barua ya wazi: Mpimeni mume wangu kabla ya kumvisha

Kwako Mheshimiwa mwenye dhamana ya mavazi ya polisi,

Kwa heshima zote nakusalimu. Mimi ni mke wa koplo, hapa Mombasa. Nimenyamaza miaka mingi kwa sababu tumezoeshwa kwamba ya kambini hubaki kambini. Lakini Jumanne iliyopita mume wangu alikuwa akimfukuza mwizi wa simu Kongowea, akaruka mtaro, suruali ikapasuka kutoka makalioni hadi karibu na goti. Watu wakaachana na mwizi, wakatoa simu kumpiga picha yeye. Kesho yake mwanetu alionyeshwa ile video shuleni. Alirudi akaniuliza, "Mama, kwani Baba hana nguo zinazomtosha?"

Mheshimiwa, Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alipozindua sare ya buluu, mitaani watu walibishana kuhusu rangi. Sisi shida yetu ilikuwa kiuno. Baba Watoto anavaa 38, akapewa 34. Alipouliza, akaambiwa achukue iliyopo au atafute fundi. Niliifumua kwa mikono yangu nikitafuta nafasi ya kuachia, nikakuta ndani ya mshono kitambaa kisichofika upana wa kidole. Ikabidi fundi atie kiraka kiunoni, na pesa ni zetu.

Akitoka doria ya usiku, nikimvua mshipi naona alama nyekundu imemzunguka kiuno kama aliyefungwa kamba. Mapajani ni michubuko, na joto hili la Pwani halikiachi kidonda kikauke, fangasi hazimtoki. Paja la kulia hufa ganzi. Daktari alimweleza kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na nyonga, na unabanwa na suruali pamoja na ule mshipi wenye pingu na redio. Akampa dawa, akamwambia avae nguo pana. Nguo pana ataitoa wapi? Na buti ni namba 8 kwa mguu wa 9. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi mwezi mzima kabla ya kung'oka.

Wenzake wa kike wanateseka zaidi. Jirani yangu anavaa suruali iliyokatwa kwa umbo la mwanamume: nyonga imebana, kiuno kinapwaya. Kila akipanda Land Cruiser huishika kwa mkono mmoja. Huo mkono ndio ungeshika silaha, Mheshimiwa.

Sijui zabuni zenu zinakwendaje. Nadhani mtu hukaa ofisini akaandika vipimo bila kumwona askari hata mmoja. Labda zile ndogo ni nafuu kushona. Ninachojua ni kwamba mkubwa mmoja alikuja kambini, akatuahidi mbele ya watoto wetu kwamba kila askari atapimwa. Mume wangu alipiga foleni tangu asubuhi, karatasi ikaandikwa jina lake na namba zake. Iko wapi hiyo karatasi?

Sikuombi mshahara leo, wala nyumba, ingawa paa letu linavuja. Naomba apimwe, na ashonewe kwa vipimo hivyo. Kama ile karatasi imepotea, namba ninazo: kiuno 38, urefu wa mguu 33, buti namba 9. Tafadhali ziandike. Jumatatu anarudi doria, na suruali aliyobaki nayo ni ya 34.

Wako kwa heshima,
Mke wa koplo, Mombasa