Kabla hujalilaumu godoro, funua shuka uhesabu chaga

Mwezi uliopita mama mmoja aliturudishia godoro juu ya pikapu, na kabla halijashushwa alikuwa ameshaanza kusema, sauti juu, wateja wengine wakisikia: "Mmeniibia. Miezi minne tu limeshabonyea, na asubuhi hata kuinama kufunga kiatu siwezi."

Tulililaza sakafuni, tukavuta uzi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, tukateremsha rula katikati. Sentimita moja. Kwetu, godoro likizama zaidi ya sentimita 3 bila mtu juu yake, tunalibadilisha na hatuulizi maswali. Sentimita moja ni sponji kuzoea mwili tu, maana kila sponji mpya hulegea kidogo wiki za mwanzo kisha hutulia. Nikamwambia, mama, hili halijafa, naomba fundi aje akione kitanda. Hakupenda. Alihisi tunamkwepa, na kusema kweli ningekuwa yeye ningehisi hivyohivyo.

Fundi alikuta chaga saba kwenye kitanda kilichotengenezewa chaga kumi na mbili. Mbili kati ya hizo saba zilikuwa zimepasuka. Katikati kabisa, pale kiuno kinapokaa, palikuwa na katoni la televisheni lililokunjwa mara nne na suruali mbili za jinzi kuukuu. Kwenye sakafu yetu iliyo sawa godoro lile lilisoma sentimita moja. Kwenye kitanda chake lilikuwa bakuli. Sponji haina mifupa. Inafuata umbo la kilicho chini yake, nawe unafuata umbo la sponji.

Huyu alikuwa wa tatu mwaka huu, ndiyo maana nimekaa kuandika. Wote watatu walibadilisha godoro ili kuokoa kitanda, wakati chaga mpya zingewagharimu sehemu ndogo sana ya walichotumia. Mmoja wao alikuwa amelaza godoro jipya juu ya lile la zamani lenye shimo, "ili liwe nene". Ndani ya wiki chache jipya likajifunza shimo la mzee wake. Kwa godoro la sponji tunataka nafasi kati ya chaga na chaga isizidi upana wa vidole vinne, na kitanda kipana kiwe na mguu wa kushikilia katikati. Kama chaga zinalia ukigeuka, anzia hapo.

Sasa bei, kwa sababu najua ndilo swali. "Mbona pale ng'ambo ya barabara unene ni huohuo na wanauza nusu?" Unene ni huohuo, ndiyo. Tatizo ni kwamba mteja hununua sponji kwa unene wakati sisi tunainunua kwa uzito. Sponji hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo. Chukua godoro la sentimita 190 kwa 150, unene sentimita 20: ujazo wake ni mita za ujazo 0.57. Likiwa la sponji ya kilo 30, litakuwa na kilo 17 hivi. Likiwa la sponji ya kilo 18, litakuwa na kilo 10 tu. Yakivishwa kava lenye maua yaleyale, jicho halioni tofauti, na usiku wa kwanza hata mgongo hauioni. Kilichopungua ni kuta za vile vitundu vidogo ndani ya sponji. Zikiwa nyembamba huvunjika haraka, na huvunjika pale penye mzigo, yaani chini ya nyonga. Kwa hiyo unaponiambia nipunguze hadi nusu, unaniomba nikuuzie hewa zaidi.

Neno "haidensiti", yaani sponji nzito, kwenye kava lisikulevye. Yeyote mwenye cherehani anaweza kulishona. Uliza namba, kisha omba mzani. Sisi tuna wa kuning'iniza na hatuoni vibaya ukiutumia.

Ila mzani nao una hila zake. Kijana mmoja alituletea godoro alilonunua kwingine, anataka tulipunguze liingie kitanda kidogo. Lilikuwa zito, na alijisifu kwamba amelipata kwa bei ya kutupa. Tulipofungua zipu na kupitisha kisu, meza ikajaa vumbi jeupe kama la ubaoni darasani. Sponji ile ilikuwa imechanganywa na unga wa chokaa ili ipate kilo. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inarudi kivivu, na pembeni inamomonyoka kama mkate mkavu. Hatukulipunguza. Nilimwonyesha viganja vyangu vilivyojaa unga, naye akanyamaza. Vilevile kuna magodoro ya vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi: mazito kweli, magumu kama benchi, na yana kazi yake kama tabaka la chini. Kuyalalia moja kwa moja bila kitu laini juu ni habari nyingine.

Hapo ndipo ninapogombana na wateja wengi, kwenye ugumu. Mtu anaingia, hakai, hajilazi, anapiga ngumi mbili katikati ya godoro na kusema: "Laini hili. Nipe gumu kuliko yote, nina mgongo." Ngumi haina nyonga wala bega. Godoro linalokataa ngumi litakataa na bega pia, na bega lisipopata pa kuzama, wewe unayelala ubavu unabaki umening'inia: bega juu, nyonga juu, kiuno hakina kitu chini yake. Misuli inafanya kazi ya kushikilia uti wa mgongo usiku kucha, wakati ilitakiwa kupumzika. Unageuka, mkono umekufa ganzi, unageuka tena. Asubuhi umelala kwa muda wa saa nane na umechoka kama aliyekesha.

Na usiku uti wa mgongo una kazi yake ya kufanya. Zile diski kati ya pingili hubanwa mchana kutwa na uzito wa mwili na kupoteza maji, ukilala huyarudisha. Jipime kimo unapoamka, kisha ujipime jioni: asubuhi huwa mrefu zaidi, kwa kawaida kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Kazi hiyo inataka mgongo utulie katika mapindo yake ya asili, haihitaji mgongo ulionyooshwa kama mbao.

Imani ya godoro gumu tunaijua, hata baadhi ya madaktari waliishauri kwa miaka. Mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake nchini Uhispania, uliohusisha watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka. Nimeubandika muhtasari wake ukutani karibu na mzani. Bado napigiwa ngumi magodoro.

Mzee mmoja, seremala, alinitia adabu kwa namna yake. Alianza kwa kuweka plaiwudi chini ya godoro laini. Halikumsaidia, akaja kwetu akachukua gumu kuliko yote, na nilipomwambia ajilaze kwanza alinijibu kwamba yeye ameshika mbao kabla sijazaliwa. Wiki ya tatu akarudi, kiuno ni afadhali lakini bega la kulia halimwachi alale. Hapo nikamlaza kwenye meza ya maonyesho, ubavu, fulana imekaa sawa mwilini, nikambandikia vipande vya karatasi ya gundi kwenye pingili, kimoja baada ya kingine kutoka shingoni hadi kiunoni. Mwanawe akapiga picha kwa nyuma. Juu ya gumu, vile vipande vilichora upinde ulioshuka kiunoni. Juu ya la wastani vilikaa mstari mmoja. Mzee aliitazama ile picha kama anavyotazama ubao uliopinda, akafumba jicho moja. "Hapa pana tumbo," akasema. Tukamwongezea tabaka la sentimita 5 la sponji laini juu ya lile gumu na kushona kava upya. Gharama ya jumla ilizidi ile ya godoro sahihi tangu mwanzo, na hiyo ilimuuma kuliko bega.

Nyumbani huhitaji karatasi. Lala chali, mtu apitishe kiganja chini ya kiuno chako. Kikipita ovyo na nafasi ikabaki, ni gumu mno kwako. Kikigoma kabisa na unaona nyonga zimezama kuliko mabega, ni laini mno au limekwisha. Kikipita kwa kusuguana kidogo, uko karibu. Nasema "kwako" kwa makusudi: mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 100 wakilalia godoro moja wamelalia magodoro mawili tofauti. Mwepesi halibonyezi vya kutosha, mzito analigonga hadi chini. Tuliwahi kuwatengenezea mume na mke godoro la nusu mbili, kila upande na sponji yake, gundi katikati, kava moja. Mke alikuwa amechoka kuporomokea upande wa mume kila usiku. Kazi ile ilichukua siku mbili na faida yake haikujaza hata kikombe, lakini ukipitisha mkono juu hupati mshono.

Springi? Zile zilizofungwa kila moja kwenye mfuko wake ni nzuri kwa wanaolala wawili, mmoja akigeuka mwingine haamki. Zilizounganishwa kwa waya hutikisika pamoja. Memori fomu, iliyobuniwa mwaka 1966 chini ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kwa ajili ya mito ya viti vya ndege, inakumbatia mwili vizuri, ila inashika joto, na chumba kikiwa na baridi huwa ngumu hadi uipashe moto kwa mwili. Lateksi, yaani sponji ya mpira, hudumu. Pia ni nzito, jiandae kuomba msaada siku ya kutandika.

Kisha ile nailoni inayofungiwa godoro jipya. Jamani, itoeni. Najua inazuia madoa, lakini jasho la usiku linakosa pa kwenda na sponji haipumui. Tumefungua kava la godoro la mwaka mmoja tukakuta ukungu mweusi upande wa chini, limenuka hadi tukalifanyia kazi nje. Kama unaogopa madoa nunua kava la kinga linalofulika. Na usiivue sponji kava ukaianika uchi juani. Jua huigeuza njano na kuifanya imeguke. Zungusha godoro, kichwani kuwe miguuni, kila baada ya miezi mitatu hivi.

Na si kila mgongo ni kosa la godoro, ninayesema hivi ni muuza godoro. Ukilala kwingine usiku kadhaa ukaamka vizuri, shuku kitanda chako. Maumivu yakikufuata kila unapolala, yakishuka mguuni na ganzi au udhaifu, muone daktari, na ukishindwa kuzuia mkojo nenda hospitali siku hiyohiyo. Tumewahi kukataa kumuuzia mtu kwa sababu hiyo na akatukasirikia.

Yule mama alinunua chaga kumi na mbili mpya, fundi akazipigilia, godoro likarudi juu. Hakuomba radhi, nami sikuitaka, aliuliza tu kama tunanunua katoni.

Ukija, njoo na vipimo vya ndani vya kitanda, idadi ya chaga, na mtu unayelala naye. Utavua viatu na kulala robo saa, mkao wako wa kila siku, kwa hiyo vaa soksi usizozionea haya.