Unabii sio utabiri wa hali ya hewa

Mhariri, naomba kanafasi kidogo gazetini kwako maana hili jambo linanikera muda sasa.

Wahubiri wetu wakitaka kuonyesha kwamba Yesu ndo Masihi wanatoa listi, aya hii imetimia, na hii imetimia, tiki, tiki, na sisi amina bila hata kufungua kitabu. Juzi kwenye kikundi chetu cha Biblia kijana mmoja kafungua. Tulikuwa Mathayo 2:15, pale mtoto Yesu kakimbiziwa Misri ili litimie neno "Kutoka Misri nalimwita mwanangu", yeye akarudi Hosea 11 akasoma kwa sauti na hakuishia aya ya 1, akaenda ya 2 ambapo haohao walioitwa wanawatolea Mabaali, miungu ya Wakanaani, dhabihu na kufukizia sanamu uvumba. Akauliza, sasa huyu ndo Yesu? Kimya. Kiongozi akasema tufunge kwa maombi.

Swali lilikuwa zuri jamani, halikustahili kukimbiwa! Hosea hatabiri kitu pale, anakumbuka ya zamani, mwana ni Israeli waliotolewa utumwani, tena Kutoka 4:22 Farao anaambiwa wazi Israeli ni mzaliwa wa kwanza wa Mungu. Mathayo alilijua hilo vizuri tu. Anachoonyesha ni kwamba Yesu anaipita njia ileile, Misri, halafu kwenye maji, wao baharini yeye kwenye ubatizo, halafu nyikani siku 40 kama wao walivyozunguka miaka 40, na hebu angalia anavyomjibu Ibilisi, majibu yote matatu kayatoa Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, yaani maneno yaleyale Musa aliyowakumbusha watu wa safari ile. Walipojikwaa wao yeye kasimama.

Sikatai, zipo aya zinazotazama mbele moja kwa moja, Mika 5:2 na Bethlehemu yake ni mojawapo. Ila hata Isaya 53 tunaibeba kirahisi mno. Wayahudi wengi wanasema mtumishi anayeteseka pale ni taifa la Israeli, na hawajakurupuka, Isaya 49:3 inamwita mtumishi kwa jina hilohilo. Lakini shuka mpaka aya ya 6, mtumishi huyo anatumwa kuyainua makabila ya Yakobo, sasa taifa litajiinuaje lenyewe? Mi hapo ndo namwona Yesu, mmoja anayesimama kwa niaba ya wote, na wala sihitaji listi.

Yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8 alikuwa anasoma Isaya 53 hiyohiyo akamuuliza mhubiri Filipo hivihivi, nabii anamsema nani, yeye mwenyewe au mtu mwingine? Filipo hakumwambia tufunge kwa maombi, alikaa naye garini akaanzia andiko lilelile alilokuwa analisoma.

Kijana wetu wiki ya pili sasa hajaonekana.

Msomaji wako